Mtoto Aulize Kwanza

Kila mwaka, mwezi wa Nisan wa kalenda ya Kiyahudi unapokaribia nusu yake, walimu wa shule za awali za Kiyahudi, kuanzia Tel Aviv na Haifa hadi New York, London na Johannesburg, huingia katika majuma yenye kazi nyingi kuliko yote. Watoto wa miaka mitatu, minne na mitano hukata karatasi za kutengeneza vikombe vya divai vya bandia, hupaka rangi kitambaa cha kufunikia mkate usiotiwa chachu, hujenga piramidi kwa matofali ya mbao, humlaza mwanasesere ndani ya kikapu na kukiacha kielee kwenye beseni la maji. Hukariri pia yale maswali manne ambayo aliye mdogo kuliko wote mezani huyaimba usiku wa Pasaka. Kisha hufika siku ya karamu ya majaribio: wazazi wamekalia viti vidogo, watoto wamevaa taji za karatasi, simu zimeinuliwa kurekodi, wimbo unaimbwa, makofi yanapigwa. Ni siku nzuri, na walimu wanaoihangaikia wanastahili shukrani. Hata hivyo ndani ya uzuri huo mna hatari ya kupoteza kitu ambacho Pasaka yenyewe imejengwa juu yake, nacho ni mtoto asiyejua na anayetaka kujua. Shule ya awali huifundisha Pasaka vizuri inapomwachia mtoto jambo la kumshangaza kabla ya kumpa maelezo. Huifundisha vibaya inapomjaza majibu ya maswali ambayo hajayauliza.

Kisa chenyewe cha Waisraeli kutoka utumwani Misri hakihitaji utangulizi mrefu kwa msomaji wa Kiswahili. Mkristo anakijua Kitabu cha Kutoka, na Mwislamu anayefunga Ashura, tarehe 10 Muharram, anakumbuka kuokolewa kwa Musa na kuangamia kwa Firauni. Kisichojulikana sana huku kwetu ni namna Wayahudi wanavyokisimulia. Jioni ya kuingia tarehe 15 Nisan, mwezi ukiwa mpevu, familia hukaa kwenye karamu ya ibada iitwayo sederi. Mezani kuna matsa, yaani mkate usiotiwa chachu. Kuna mboga chungu na maji ya chumvi. Kuna haroseti, rojo ya matunda na kokwa inayokumbusha udongo wa matofali, ambayo Wayahudi wenye asili ya Iraki huitengeneza kwa asali ya tende. Kuna mfupa uliochomwa na yai. Hunywewa vikombe vinne vya divai, watoto wakipewa juisi ya zabibu, na husomwa Hagada, kitabu kinachopanga mwendo mzima wa usiku huo. Sura ya 12 na ya 13 za Kutoka zinamtaja mtoto atakayeuliza maana ya haya yote, na zinamwagiza mzazi amjibu. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika yapata mwaka 200, inaeleza utaratibu: kikombe cha pili kikishamiminwa, mwana humuuliza baba yake, na mwana akiwa hana ufahamu wa kuuliza, baba humfundisha kwa kadiri ya akili ya mtoto huyo. Kwa mpangilio huo swali ndilo linalotangulia. Somo la baba huja kuziba pengo pale ambapo swali halikuja.

Warabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, walijua kwamba swali haliji kwa kuamrishwa, ndiyo maana walibuni njia za kulichokoza. Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao juu ya Mishna, inasimulia kwamba Rabi Akiva alikuwa akiwagawia watoto nafaka zilizokaangwa na jozi katika mkesha wa Pasaka ili wasisinzie, wapate kuuliza. Inaeleza kwamba mboga huchovywa kabla ya chakula ili watoto waone jambo lisilo la kawaida. Inauliza pia kwa nini meza huondolewa kabla watu hawajala, na jibu ni lile lile: ili watoto watambue na waulize. Hapo ndipo inapotolewa habari ya Abaye, yatima aliyelelewa na ami yake, Rabba, huko Babeli. Alipoona meza inaondolewa mbele yake alishangaa: hatujala bado, mbona wanatuondolea meza? Rabba akamwambia kwamba kwa swali hilo amewaondolea wajibu wa kusoma yale maswali ya kawaida. Wafasiri wa baadaye walibishana kama kweli swali moja la namna hiyo lilitosha, lakini habari yenyewe imebaki ndani ya Talmudi, na kwa maoni yangu hakuna somo bora la ualimu wa chekechea kuliko hilo. Swali la Abaye halikumtaja Musa wala Misri. Lilikuwa swali la mtu aliyetarajia chakula akaona kinaondoka. Lakini lilikuwa lake mwenyewe, na mwalimu mkubwa wa zama zake alilipokea kuwa mlango halali wa kuingilia kisa kizima.

Sasa tazama kinachotokea swali likihamishwa kutoka nyumbani kwenda darasani. Mwaka 1984 watafiti Waingereza Barbara Tizard na Martin Hughes walichapisha kitabu kuhusu wasichana 30 wa London wenye umri wa karibu miaka minne, ambao mazungumzo yao yalirekodiwa wakiwa nyumbani na mama zao, kisha wakiwa shule ya awali na walimu wao. Nyumbani waliuliza wastani wa maswali 26 kwa saa. Shuleni waliuliza maswali 2. Walimu wale hawakuwa wakali wala wavivu. Kilichobadilika ni nani anayeuliza. Mwalimu mwenye kundi zima la watoto hulazimika kuuliza yeye ili ajue nani ameelewa, na mtoto hung'amua upesi kwamba mahali hapa kazi yake ni kujibu. Shule zile hazikuwa za Kiyahudi na hakuna aliyekuwa akifundisha dini, lakini hali iliyoelezwa ni ya shule ya awali popote pale. Ndiyo sababu takwimu hiyo inapaswa kumkosesha usingizi yeyote anayeandaa somo la Pasaka: sherehe ambayo uhai wake ni swali la mtoto inaletwa mahali ambapo maswali ya mtoto hukauka.

Kuna ushahidi mwingine unaoeleza kwa nini hukauka. Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa umri wa shule ya awali, wakitumia kichezeo cha mabomba walichokitengeneza wenyewe, chenye siri nne ndani yake. Watoto wengine walifundishwa rasmi siri moja: mtu mzima aliwaambia kwamba anawaonyesha kinavyofanya kazi, akavuta bomba, likalia. Wengine waliona jambo hilo hilo likitokea kana kwamba ni kwa bahati tu. Wale waliofundishwa walikichezea kwa muda mfupi zaidi na wakagundua siri chache zaidi. Hawakuwa wazembe. Walifanya hesabu ya busara kabisa, kwamba mjuzi akionyesha kitu kimoja akanyamaza, basi hakuna zaidi cha kutafuta. Mwalimu anayewakalisha watoto mkekani na kuwatajia kila kilichomo kwenye sahani ya sederi, hiki ni machozi, hiki ni udongo, hiki ni uchungu, anawapa ishara hiyo hiyo bila kukusudia: orodha imekamilika, hakuna la kuuliza. Warabi waliondoa meza bila kusema neno. Nadhani walikuwa wamekwisha kuligundua, kwa kuwatazama watoto wao, jambo ambalo maabara ilikuja kulipima karne nyingi baadaye.

Hii haina maana kwamba mwalimu akae kimya na kuwaacha watoto wapapase gizani. Chukua mfano wa kuoka matsa, kazi inayopendwa na karibu kila shule. Sheria ya Kiyahudi inataka unga ukishakutana na maji usikae zaidi ya dakika 18 kabla ya kuokwa, maana hapo huhesabiwa kuwa umeanza kuchachuka. Mwalimu mmoja atawaeleza watoto kwanza kwamba Waisraeli walitoka Misri kwa haraka, mikate yao haikupata nafasi ya kuumuka, kwa hiyo leo tutafanya vivyo hivyo, kisha wataoka. Mwingine ataweka unga na maji mezani, ataitegesha saa inayotikatika kwa sauti, na atasema neno moja tu: haraka! Watoto watakanda, watasukuma madonge kama ya chapati, watatoboa vitundu kwa uma, na sinia itakimbizwa kwenye oveni huku saa ikielekea kulia. Kinachotoka ni kigumu, hakina chumvi, kimebabuka kingo, na hakifanani na mkate wowote wanaokula kila siku. Mtoto wa miaka minne atakivunja, atakitafuna, na atasema mbona hakijavimba, mbona tulikuwa tunakimbizana. Hapo ndipo mahali pa kusimulia. Walimu wote wawili wametumia unga ule ule na saa ile ile. Lakini wa pili anasimulia kwa mtu aliyemwomba asimulie. Vivyo hivyo katika sederi, ambapo matsa ya katikati kati ya zile tatu huvunjwa na kipande kikubwa hufungwa kitambaani na kufichwa. Mwalimu akiivunja na kuificha mbele ya macho yao bila maelezo yoyote, atasikia sauti kumi kwa mpigo.

Najua lile ambalo walimu wengi watasema: maswali manne yaliyokaririwa ndiyo desturi yenyewe, na mtoto mwenye aibu, au mtoto ambaye familia yake haijawahi kufanya sederi, anapata kitu cha kushika mkononi. Ni kweli. Wimbo ule humpa mtoto nafasi mezani ambayo hakuna ibada nyingine inayompa mtu wa umri wake. Ukoo mzima hunyamaza ili kumsikiliza. Sipendekezi uondolewe. Ninachokataa ni kuufanya kipimo cha kwamba somo limefaulu. Mtoto aliyefanyishwa mazoezi ya maswali hayo kwa majuma matatu huyaimba kama anavyoimba wimbo wa siku ya kuzaliwa, na hakuna ubaya, mradi palikuwa pia na saa ambapo aliuliza kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukiuliza. Tena maswali yenyewe si jiwe lisilosogea. Katika Mishna mtoto anauliza kwa nini usiku huu nyama huliwa ya kuchoma tu. Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa mwaka 70 dhabihu zilikoma, na hatimaye mahali pa swali hilo pakachukuliwa na lile la kuegemea kwenye mito wakati wa kula. Kilichokuwa kikionekana mezani kilibadilika, maswali yakabadilika nacho.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wale wanaosema kisa hiki hakiwafai watoto wadogo hata kidogo. Na kweli, tukikisoma bila mazoea, kinatisha: mfalme anaamuru watoto wachanga wa kiume watupwe mtoni, nchi inapigwa kwa magonjwa na giza, wazaliwa wa kwanza wanakufa usiku mmoja, jeshi zima linazama. Shule nyingi hulijibu tatizo hili kwa kulitia sukari. Madukani huuzwa mifuko ya mapigo kumi yenye vyura vya plastiki, nzige wa mpira, miwani myeusi ya kuigiza giza, na wakati mwingine hata kitu cha kuwakilisha kifo cha wazaliwa wa kwanza. Vyura sina ugomvi navyo. Chura kitandani kwa mfalme ni kichekesho kilichomo ndani ya kisa chenyewe, na watoto wana haki ya kukichekea. Lakini kifo cha watoto hakifanywi kichezeo. Jambo lisiloweza kusemwa kwa ukweli mbele ya mtoto wa miaka minne ni heri lisisemwe bado kuliko lisemwe kwa uongo, na agizo la Mishna la kumfundisha mtoto kwa kadiri ya akili yake linampa mwalimu ruhusa kamili ya kungoja.

Kungoja si kudanganya, na tofauti hiyo huonekana pale mtoto mwenye kaka mkubwa anapouliza mwenyewe: ni kweli watoto wa Misri walikufa? Anastahili jibu fupi na la kweli. Ndiyo, watu walikufa, na sisi hatulifurahii jambo hilo. Ndiyo sababu yanapotajwa mapigo tunapunguza divai tone kwa tone kutoka vikombe vyetu. Jibu hilo halikubuniwa ili kuwatuliza watoto wa leo. Liko ndani ya mapokeo, pamoja na simulizi la Talmudi kwamba Mungu aliwakataza malaika kuimba wakati Wamisri walipokuwa wakizama baharini, na pamoja na desturi ya wazaliwa wa kwanza kufunga siku inayotangulia sederi. Zaidi ya hayo, kisa kina utajiri mkubwa kabla hakijafika huko: wakunga Shifra na Pua wanaokataa amri ya mfalme, dada anayesimama kwa mbali akilinda kikapu kwenye matete, na binti Farao, Mmisri wa nyumba ile ile iliyotoa amri ya kuua, anayemwokoa mtoto akijua fika ni wa nani. Mtoto atakayeondoka shule ya awali anajua kwamba aliyemtoa Musa majini alikuwa Mmisri amepata kinga nzuri dhidi ya kuchukia taifa zima.

Kuhusu utumwa wenyewe, wanaodai kwamba mtoto mdogo hawezi kuuelewa wanamdharau. Hatauelewa kama historia ya uchumi, lakini anajua ni nini kunyimwa kupumzika, kunyimwa kusema hapana, kutenganishwa na mama. Hasira yake juu ya jambo lisilo la haki iko tayari kabla hujafungua mdomo. Ninachokihofia ni maigizo yanayofanywa katika baadhi ya madarasa, mwalimu akijifanya msimamizi na watoto wakibebeshwa matofali ya karatasi huku wakipigiwa kelele. Mchezo huo hufundisha upande mmoja tu, raha ya kuamrisha, na huko Marekani darasa hilo linaweza kuwa na watoto Weusi, wakiwemo Wayahudi, ambao mababu zao walikuwa watumwa kweli katika nchi hiyo hiyo. Musa bin Maimuni, mwanasheria na tabibu mkuu wa karne ya 12, aliandika kwamba mtoto mdogo aambiwe hivi: sote tulikuwa watumwa kama kijakazi huyu au mtumwa huyu, kisha tukakombolewa. Aliyaandika hayo akiishi Misri, huko Fustat, na mtumwa wa kunyooshewa kidole alikuwemo nyumbani mwa watu. Inauma kuisoma. Lakini inaonyesha kwamba hata shabaha ya kumfanya mtoto aone kwa macho haimwondolei mwalimu wajibu wa kuangalia ni nani mwingine aliyemo chumbani.

Wapo pia wanaouliza kama ni haki kumtia mtoto wa miaka mitatu katika imani kabla hajaweza kuchagua. Swali hili linazihusu dini zote, na sidhani jibu ni moja kwa zote. Kwa Pasaka ninasema hivi: ni ibada inayoandaa nafasi ya mpinzani. Hagada inawataja wana wanne, mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Na huyo wa pili, anayeuliza haya yote yanawafaa nini ninyi, anajibiwa kwa ukali lakini hafukuzwi mezani. Walimu wanaokwepa kumwita mtoto yeyote mwovu wanafanya vyema. Wakimfuta kabisa, hata hivyo, wanafuta ushahidi kwamba kupinga nako kuna kiti chake. Zaidi ya hapo, Mishna inamtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajione kama ametoka Misri yeye mwenyewe, na hilo haliwezekani kwa kukariri. Huku kwetu wapo wanaolielewa agizo hilo kwa uzoefu wao. Abayudaya wa karibu na Mbale nchini Uganda, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, walipigwa marufuku kufuata dini yao chini ya Idi Amin. Kampala ilipotekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni yake ilikuwa ndiyo jioni ya kuanza Pasaka. Mzee wa huko anaposimulia kutoka utumwani mbele ya watoto anasema na lake pia. Katika shule ya msingi ya Hadassah, iliyoanzishwa na jumuiya hiyo, watoto wa Kiyahudi husoma pamoja na Wakristo na Waislamu, na kisa cha Musa si kigeni kwa hata mmoja wao.

Linabaki suala la nyumbani, na hapa shule inapaswa kujizuia zaidi kuliko inavyopenda. Amri ya kusimulia imeelekezwa kwa mzazi, na karamu ya majaribio ikipendeza kupita kiasi inaweza kumpa mzazi hisia kwamba kazi imekwisha kufanywa na wataalamu. Wazazi wengi wanaoleta watoto katika shule hizi hawakulelewa na sederi, au wameoana na mtu wa dini nyingine, na wanaogopa kuulizwa. Hofu yao naielewa, lakini haiwapi udhuru: Talmudi inasema hata wasomi wawili wanaozijua sheria zote za Pasaka huulizana, na aliye peke yake hujiuliza mwenyewe, kwa hiyo kutojua hakumwondoi mtu mezani. Shule nyingi hupeleka nyumbani karatasi ya maelezo yenye kila alama na maana yake. Ningeibadilisha karatasi hiyo. Mwalimu aandike yale ambayo mtoto huyu aliyauliza juma hili, kwa maneno yake mwenyewe na bila kuyasahihisha: kwa nini matsa ina vitundu, mama yake Musa alilia, Farao alikuwa na mtoto, nani alifua nguo zilizolowa baharini. Mengine hayamo katika Hagada wala katika kitabu chochote, na mzazi atakayeketi nayo usiku ule atalazimika kufikiri pamoja na mwanawe.